Darasa Lililogeuzwa: Kuridhika kwa Mwanafunzi Hakutoshi

Katika vyuo vya tiba, mbinu ya darasa lililogeuzwa inazidi kupata wafuasi. Mhadhara hutazamwa kwa video kabla ya kipindi, na saa za darasani hutumika kujadili wagonjwa na kufanya mazoezi ya mikono. Walioipa umaarufu ni walimu wawili wa kemia wa sekondari huko Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walioanza mwaka 2007 kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi.

Naiunga mkono. Mwanafunzi aliyezoea kujieleza mbele ya wenzake, akapingwa na kutetea hoja yake, habababaiki upesi mgonjwa anapomuuliza swali. Shaka yangu ni juu ya namna tunavyoipima. Mwisho wa muhula tunagawa hojaji: je, umeridhika? Je, unajiamini? Majibu yakiwa mazuri, twapongezana.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha ulinganisho wa namna mbili za kufundisha fizikia. Wanafunzi waliofanya kazi wenyewe darasani walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara, ilhali wao walihisi wamejifunza kidogo. Jasho la kufikiri walilidhania kuwa dalili ya kutoelewa.

Linalonitia hofu zaidi ni kinyume chake: kujiamini kunakoutangulia ustadi. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mafunzo, lakini katika chumba cha kujifungulia utendaji haukubadilika. Baadaye yalianzishwa mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Mtoto asiyepumua hutakiwa kuanza kupumulishwa ndani ya dakika moja, na dakika hiyo haisomi hojaji.

(Kuna pia suala la bando. Asiye na fedha ya kupakua video huja darasani mikono mitupu, akahesabiwa mvivu. Kutoridhika kwake kunapima mfuko wake, si mbinu.)

Napendekeza hojaji ibaki, ila isiende peke yake. Wiki sita baada ya somo, mwanafunzi atazamwe akiifanya kazi ileile bila kuarifiwa mapema, kisha alinganishwe na alivyojitathmini. Na mgonjwa ashirikishwe. Ndugu msomaji uliyelazwa wodini, mwanafunzi akikueleza namna ya kutumia dawa, mrudishie maelezo kwa maneno yako mwenyewe. Usipoweza, mwambie arudie, na msimamizi wake aliandike hilo katika daftari la tathmini.