Gari kuukuu halishuki Mombasa, injini yake yashuka: Maswali kabla ya kugeuza HiAce kuwa 4x4 ya dizeli

Tuseme umepata Toyota HiAce ya miaka ya tisini iliyokuwa ikibeba watalii, ile yenye paa linaloinuka. Ongeza kitanda na meko ya gesi, tayari una nyumba ya safari. Shida ni kwamba injini ni ya petroli, na nguvu yote inaenda magurudumu ya nyuma. Fundi anakuambia: "Hiyo ni kazi ndogo, tunaweka dizeli na 4x4."

Si kazi ndogo hata kidogo. Tena si suala la gereji tu, kwa sababu inaonyesha pengo katika sheria za magari Kenya.

Sheria inahesabu miaka ya gari

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Hicho ni kiwango cha KS 1515:2000 kinachosimamiwa na KEBS. Nia yake ni nchi isigeuke jaa la magari yaliyochoka kwingine. Ndiyo maana mwenye bajeti ndogo anarudi kwa gari kuukuu ambalo tayari liko hapa.

Lakini tembea Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Injini zilizotumika kutoka Japani zinauzwa waziwazi. Mafundi wengi watakutajia 3L ya lita 2.8, au 1KZ-TE ya lita 3.0 yenye turbo. Hizi ni dizeli za miaka hiyo hiyo ya tisini. Zikija zikiwa ndani ya gari lake, gari linarudishwa. Zikija peke yake, ni spea.

Kwa nini watu wanataka dizeli?

Sababu zao zina maana. Dizeli inavuta vizuri hata ikizunguka polepole, na hilo ndilo unalohitaji kwenye mchanga au mlima ukiwa na mzigo. Lita moja inakupeleka mbali zaidi kuliko petroli. Na 3L haina kompyuta, pampu yake ni ya kimekanika, kwa hivyo ikikwama Marsabit fundi wa huko anaweza kuifungua.

Upande wa pili ni moshi. Dizeli hizi hazina chujio la masizi kama za kisasa. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wewe utafurahia Turkana wikendi mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote unapumulia watu foleni ya Thika Road.

4x4 si kufunga propela tu

Unahitaji giaboksi yenye transfa, propela ya mbele, difu ya mbele, shafti za magurudumu na vishikizo vyake. Uwiano wa meno wa difu ya mbele na ya nyuma lazima ulingane. Usipolingana, ukifunga 4x4 kwenye lami mbele na nyuma vinavutana hadi kitu kivunjike. Dizeli nayo ni nzito zaidi, kwa hivyo springi za mbele, breki na rejeta vinahitaji kuangaliwa upya.

Kwa hivyo HiAce iliyotoka kiwandani ikiwa 4x4 ya dizeli mara nyingi itakugharimu kidogo kuliko kuunganisha vipande, hata kama bei yake ya kwanza inakushtua.

Na karatasi je?

Hapa ndipo wengi wanaumia. Ukibadilisha injini, NTSA inapaswa kujua, gari likaguliwe na nambari mpya iingie kwenye logbuku. Usipofanya hivyo, siku ya kuuza mnunuzi makini atakimbia. Polisi wakikagua, wewe ndiye wa kueleza injini ilitoka wapi, kwa hivyo tunza risiti. Na kama bima haikuambiwa, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa ukipata ajali.

Swali ambalo halijaulizwa

Isiolo hadi Moyale sasa ni lami. Huko Mara, mvua ikinyesha udongo mweusi unanasa hata 4x4 yenye tairi mbovu. Kwa safari nyingi, tairi nzuri, koleo na kamba ya kuvutia vitakufikisha.

Kwa serikali, jambo ni hili: kama umri wa gari una maana bandarini, umri wa injini hauwezi kukosa maana gereji. Nambari ya injini ikibadilishwa, hapo ndipo pa kupima moshi pia. Bila hivyo, sheria ya miaka 8 itaendelea kuzuia bodi huku injini ikipita.

Na wewe, kabla ya kutuma deposit kwa fundi, muulize swali moja: "Nani atashughulikia logbuku?" Akicheka, tafuta fundi mwingine.