Tusingoje Macho Yawe Manjano

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Ini nalo lina tabia hiyo ya kuficha. Laweza kushambuliwa na virusi kwa miaka 20 au 30, na mwenyewe akaendelea kulima ufuta, kuvua au kufundisha darasani bila ya kuhisi lolote. Macho yanapokuwa manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka na ngozi ikawasha pasipo upele, mara nyingi saratani ya ini, au ya mifereji ya nyongo, imekwisha kuota mizizi. Hapo daktari hubakiwa na kazi ya kutuliza maumivu tu.

Hoja ya makala haya ni moja. Kila mwananchi wa pwani ya Lindi anayejulikana kuwa na ugonjwa wa ini wa muda mrefu aandikwe katika daftari la hospitali iliyo karibu naye, na aitwe kupimwa kila baada ya miezi 6, angali ana nguvu zake.

Ugonjwa huu hautokani na uchawi. Chanzo kikubwa cha saratani ya ini barani Afrika ni virusi vya homa ya ini B. Virusi hivyo, vile vya homa ya ini C, na pombe inayolifanya ini kusinyaa na kuwa gumu, huongeza pia hatari ya saratani ya mifereji ya nyongo. Sumukuvu inayoota katika karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hulizidishia ini mzigo. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi wa walimu, makarani, wavuvi na wakulima wa leo walizaliwa kabla ya kinga hiyo. Mwanafunzi amekingwa, mwalimu wake hajui hali yake.

Je, wenye virusi tutawapata wapi? Baadhi yao tunao tayari. Damu inayotolewa na wananchi kwa hiari hupimwa homa ya ini B na C, pamoja na UKIMWI na kaswende. Wajawazito nao huweza kupimwa kliniki. Lakini kumwambia mtu kwamba ana virusi, kisha kumwacha arudi Kipatimu au Songosongo bila ya tarehe ya kurudi, ni kumpa hofu badala ya huduma.

Kipimo chenyewe si cha miujiza. Ni ultrasaundi, chombo kile kile kinachotumika kumtazama mtoto tumboni mwa mama. Huonyesha uvimbe mdogo katika ini, na huonyesha mifereji ya nyongo iliyotanuka kwa sababu ya kuzibwa. Saratani ya mifereji ni vigumu zaidi kuibaini mapema, na hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotosha. Ndiyo sababu kinachotakiwa ni kurudia kupima kwa ratiba, siyo kupima mara moja na kusahau. Huko kaskazini mashariki ya Thailand, ambako saratani hii huletwa na minyoo ya samaki wabichi, madaktari huwafuata wanavijiji kwa ultrasaundi kabla hawajaugua.

Wako watakaosema kwamba fedha hazitoshi. Tuwajibu kwa kuuliza gharama ya kuchelewa. Kutoka Lindi hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ya kilomita zipatazo 450. Mwezi Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hiyo wilayani Kilwa. Familia huuza shamba la mikorosho kumsafirisha mgonjwa ambaye haponi tena. Kama uvimbe ungeonekana mapema Kilwa Kivinje au Lindi mjini, safari hiyo hiyo ingekuwa ya kwenda kupasuliwa na kurudi nyumbani.

Tena mfano wa kufuata tunao. Kliniki za UKIMWI zimetufundisha kumjua mgonjwa kwa jina, kumpa tarehe, na kumtafuta asipofika. Hata dawa ya tenofovia inayotumika huko ndiyo hiyo inayozuia virusi vya homa ya ini B na kupunguza hatari ya saratani. Kwa nini basi mwenye homa ya ini asiwe na daftari lake?

Watumishi wa umma na walimu wana wajibu wao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya redio na majadiliano, wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Yaliyowezekana kwa jembe yanawezekana kwa daftari. Mwalimu awe wa kwanza kupima. Awaeleze wananchi kwamba virusi hivi haviambukizwi kwa kula sahani moja, bali kwa damu, kwa kujamiiana, kwa wembe wa chale unaotumiwa na wengi, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Na kwamba aliyepimwa akakutwa salama aweza kuchanjwa.

Halmashauri nazo zipange daftari hilo katika bajeti zao. Manjano yakishaonekana machoni, wakati wa kupanga umekwisha kupita.