Mwanaharakati naye anahitaji kivuli

Mtetezi wa mazingira hulala na kuamka na habari mbaya: msitu umegawiwa wakubwa, mto umetiwa sumu, kesi imeahirishwa tena. Wapo wanaoiacha kazi hii bila kubadili msimamo wowote, wamechoka tu. Kwa hiyo muda wa kukaa porini au ufukweni, na muda wa kuchonga, kuimba na kutunga, usihesabiwe kuwa starehe ya baada ya kazi. Ni sehemu ya kazi yenyewe, na vikundi viutengee fungu kama vinavyotenga nauli na ada ya wakili.

Ushahidi upo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kuwa wagonjwa waliopasuliwa katika hospitali moja ya Marekani, wakalazwa penye dirisha linalotazama miti, walitoka mapema na kuhitaji dawa kali chache za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitia tafiti zaidi ya 3,000 na kukuta sanaa inasaidia kukinga maradhi na kutunza afya ya akili. Tafiti hizo hazikuwahusu wanaharakati peke yao, lakini mwili wa mwanaharakati hauna maumbile tofauti.

Sanaa ina faida nyingine: inampa mtetezi kitu cha kuonyesha badala ya malalamiko matupu. Mafundi wa Lamu walipounda jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki, wakalipamba kwa vipande vya ndara zilizookotwa, ufundi wa mababu ulipata kazi mpya. Mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri hadi Zanzibar, na bandarini watu walikuja wenyewe kulitazama na kuulizia habari za taka. Hotuba ya kulaumu humchosha anayeitoa na anayeisikiliza. Jahazi lile liliwapa wote wawili hamu ya kuendelea.

Wapo watakaosema haya ni anasa, ilhali watetezi wa ardhi na mazingira zaidi ya 2,000 wameuawa duniani tangu 2012. Ni kweli, wimbo hauzuii risasi, wala kivuli hakichukui nafasi ya polisi na mahakama zinazotenda haki. Lakini mapambano haya ni ya miaka mingi. Mkenya Wangari Maathai alianzisha harakati za kupanda miti za Green Belt mwaka 1977. Mwaka 1999 alipigwa akiutetea msitu wa Karura jijini Nairobi, na tuzo ya Nobel ya Amani ikaja 2004. Leo wakazi wa Nairobi hutembea Karura kwa ada ndogo, na kikundi kisicho na fedha nyingi kinaweza kufanyia kikao chake humo. Wafadhili wanaodai ripoti kila robo mwaka waulize pia watu wao wamepumzika lini, kisha wakubali kulipia mapumziko hayo.