Ndinga Kali, Betri Maiti: Betri Haifi Ghafla, Inauawa!

Kuna jamaa mmoja wa Ngara mjini, jina kapuni. Mtandaoni anajulikana kwa IST yake nyeupe, taa za bluu chini ya milango na sabufa inayotetemesha vioo vya majirani. Kila wikiendi picha mpya, gari limeng'aa utadhani linaenda mnadani.

Siku ya harusi kule Kabanga, akapaki mbele ya ukumbi, injini kazima, muziki kaacha unapiga saa tatu mfululizo. Watu wakacheza, wakarekodi, like zikamiminika. Saa nane usiku shangazi wa bibi harusi akabanwa na pumu, anatakiwa Murgwanza chapchap. Gari la karibu ni lile lile. Jamaa kazungusha ufunguo: tik, tik, tik. Kimya.

Shangazi akapakiwa kwenye bodaboda, kashikiliwa kwa nyuma, baridi ya Ngara inampiga kifuani. Alifika salama, Mungu ni mwema. Kesho yake jamaa kaposti kwamba betri "ilikufa ghafla" na kuna watu wana jicho baya.

Hakuna cha jicho. Betri haifi ghafla, inauawa taratibu, na mara nyingi muuaji ndiye mwenye ufunguo.

Hesabu ni nyepesi. Taa mbili za mbele za kawaida zinakula kama ampea 9. Betri ndogo ya gari kama IST ina kama ampea-saa 35. Ukisahau taa injini ikiwa imezimwa, ndani ya saa nne huna kitu. Sabufa ya wati 500 ikifunguliwa yote inavuta ampea 40 na zaidi. Hapo hata saa moja ni nyingi! Na betri ya gari haikutengenezwa kwa disko. Kazi yake ni kupiga stata kwa sekunde chache, halafu altaneta irudishe kilicholiwa. Ukiimaliza kabisa mara kwa mara, sahani zake za ndani zinachoka na hazirudi tena.

Wengine hawana hata muziki. Mdada mmoja mfanyabiashara wa Biharamulo anatoka nyumbani hadi dukani dakika tano, AC imewaka, simu mbili kwenye chaji. Dakika tano hazitoshi kurudisha alichokula stata. Kanunua betri mpya mara mbili kwa mwaka, kila mara analalamikia wachina. Siku fundi alipoleta mita, ikaonekana mkanda wa altaneta umelegea. Pesa ya betri mbili imeliwa na mkanda!

Sasa mtazame dereva wa Probox anayepiga ruti ya Lusahunga hadi Rusumo. Hana taa za bluu wala hapostiwi na mtu. Lakini anajua ukizimikiwa porini usiku huna wa kumwomba waya za kuboostia zaidi ya madereva wa malori, na hawasimami ovyo. Kila Jumapili anafungua boneti. Anakaza vichwa vya betri. Ule ungaunga mweupe au wa kijani anauosha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, akiwa kachomoa hasi kwanza. Anahakikisha kibano kimeshika, maana mtikisiko wa barabara mbovu unavunja sahani. Kama ni betri ya maji, anaongeza maji ya betri tu. Siyo ya bomba, na siyo asidi kama wanavyodanganyana vijiweni.

Na kila akienda kwa fundi anaomba mita. Gari likiwa limelala limezimwa, volti 12.6 ni nzima, 12.4 kushuka chini anza kujiuliza. Injini ikiwaka, isome 13.8 hadi 14.5. Ikiwa chini ya hapo, usinunue betri, tafuta tatizo kwenye altaneta, mkanda au waya.

Dalili nazo zinaongea mapema. Stata inavuta kivivu asubuhi, taa zinafifia, honi inakwaruza. Pale Ngara juu milimani, asubuhi za Juni na Julai zinaumbua betri iliyochoka kuliko fundi yeyote. Ukiona hivyo, usisubiri. Gari la oto halisukumwi likawaka, hata mkija kijiji kizima.

Kwa hiyo muziki upigwe tu, ujana hauzuiwi. Ila injini iwe inawaka, au sabufa iwe na betri yake. Gari ni la kupigia picha, sawa, lakini majirani wakigonga mlango saa nane usiku hawaji kuomba picha. Wanataka liwake.

Gari lako likiitwa usiku wa leo, litaitika au litasema tik, tik, tik?