Picha Safi, Mgongo Moto

Acheni kutuambia picha iko sawa. Tunajua iko sawa. Fibromaljia haionekani kwenye eksirei wala MRI, kwa sababu shida iko kwa jinsi neva na ubongo zinavyokuza maumivu. Ndiyo maana vigezo vya madaktari wa viungo wa Marekani vya 2010 vinategemea maelezo ya mgonjwa: wapi panauma, analala vipi, anachoka kiasi gani. Yaani neno langu ndilo kipimo.

Lakini chuoni ofisi ilitaka ushahidi wa kushikika. Aliyevunjika mguu aliahirishiwa mtihani. Mimi niliambiwa nijikaze. Nijikaze na nini, na mgongo ndio huo? Nikaacha masomo.

Sasa naandika nikisimama kila nusu saa, natembea kidogo kila siku, hata ikiuma, maana mazoezi ya polepole yananisaidia kuliko brufeni. Nikitembea, mnasema nimepona. Nikilala, eti mvivu. Ni ugonjwa uleule, siku tofauti.

Pole zenu wekeni. Nikisema mgongo unauma, niaminini kwanza. Maswali baadaye.