Kusubiri Majibu ya Chuo: Nasaha kwa Wanaosubiri na kwa Sisi Tunaowauliza



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wanafunzi, wazee wetu na wasomaji wote wa jarida hili, kila mwaka yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, mtaa wetu wa Mlandege hupata salamu mpya. Kijana akipita Darajani, akiingia katika maduka ya nguo, akitoka msikitini baada ya Magharibi, haulizwi tena kama wazee wake hawajambo. Huulizwa, "Vipi, umeshapata chuo?" Akijibu kwamba bado anasubiri, muulizaji huongeza, "Mbona mwenzako wa nyumba ya pili kapata?" Kisha huyo muulizaji huenda zake sokoni akanunua samaki wake, na kijana hubaki na lile neno mpaka usiku.

Tumeona tuliandike jambo hili mwaka huu kwa sababu sisi walimu wa madrasa tumo katika kosa hilo, tena tumo mbele. Katika hafla moja ya kufunga mwaka tulisoma kwa kipaza sauti majina ya wanafunzi wetu waliopata nafasi za vyuo vikuu. Kila aliyetajwa alisimama, akapigiwa takbira na akapewa zawadi ya Msahafu. Wazee walifurahi na sisi tulifurahi. Lakini alikuwapo kijana mmoja aliyetandika mikeka na kupanga viti tangu baada ya Alasiri, na wakati wa kusoma majina hatukumuona. Tulimpata siku ya tatu. Akatwambia kwa adabu, "Ustadh, si kwamba sikuwafurahia wenzangu. Nilikuwa sijui uso wangu niuweke wapi."

Kijana huyo ndiye aliyekuwa akiwasomesha watoto wetu wadogo juzuu ya Amma kwa muda wa miaka miwili bila ya malipo. Hatukumtaja kwa hilo hata kidogo. Hapo ndipo tulipojiuliza: sisi tunaofundisha kwamba mbora kwa Mwenyezi Mungu ni mchamungu zaidi, tumeanza lini kuwapanga watoto wetu kwa barua za vyuo?

Jambo la kwanza: tuelewe kusubiri kwenyewe

Wazee wengi wanadhani kwamba mtoto asiyepata jibu mapema amefeli. Si hivyo. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilianzisha mfumo wa pamoja ambao mwombaji alijaza machaguo yake mahali pamoja. Tangu mwaka 2017 mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Majibu hutoka kwa awamu. Anayepata vyuo viwili au vitatu hutakiwa athibitishe kimoja tu, na nafasi anazoziacha huweza kupewa wengine. Kwa hiyo kijana anayesubiri awamu ya pili huenda anasubiri nafasi ambayo mwenzake bado hajaamua kuiacha. Hapo hakuna aibu yoyote.

Tuelewe pia kwamba kufikia sifa na kupata nafasi ni mambo mawili mbalimbali. Katika matokeo ya kidato cha sita A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kwa kozi nyingi za shahada, kiwango cha chini ni kufaulu masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4. Lakini hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kugonga mlango tu. Kozi kama ya udaktari inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja, na wanaogonga mlango ule ni wengi kuliko viti vilivyomo ndani. Mtoto anaweza kuwa na sifa zote na akakosa kiti. Mzazi akilijua hili, maneno yake nyumbani yatakuwa mengine.

Baada ya hapo kuna kusubiri kwa pili, nako ni kwa mkopo. Kupata chuo hakumaanishi kupata ada. Bodi ya Mikopo ya Tanzania ilianza kazi mwaka 2005, na hapa kwetu Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kila moja ina fomu zake na muda wake. Wapo waliopigiwa takbira kwa kupata chuo, na mwezi uliofuata wakakaa kimya ndani kwa sababu ada haijulikani itatoka wapi. Nao hatukuwauliza kwa upole.

Tukumbuke tena tulikotoka. Kabla ya mwaka 1998 Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka shahada alivuka bahari kwenda Dar es Salaam, na kabla ya hapo wazee wetu walikwenda hadi Makerere, Uganda. Mwaka huo wa 1998 ndipo kilipoanza Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu pamoja na chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001. Wengi wa wazee wanaowauliza vijana leo hawakupata hata mlango wa kugonga. Ilivyokuwa hivyo, tungetegemea wawe wapole zaidi.

Jambo la pili: mafunzo ya Hudaybiya

Mwaka wa 6 wa Hijra Mtume wetu (S.A.W.) alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400 wakiwa wamehirimia Umra. Walikuwa na nia safi na wanyama wao wa kuchinja, na hawakupungukiwa na sharti lolote. Wakazuiliwa Hudaybiya, karibu kabisa na Makka, na ukaandikwa mkataba kwamba mwaka ule warudi na waje mwaka unaofuata. Masahaba walihuzunika sana, hata Sayyidna Umar (R.A.) akauliza kwa uchungu ilikuwaje wakubali jambo lile.

Mtume (S.A.W.) akawaamrisha wachinje na wanyoe, na kwa huzuni waliyokuwa nayo hakuinuka mtu. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama (R.A.) akamweleza. Ummu Salama akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na anyoe kichwa chake. Alipofanya hivyo, watu wote waliinuka wakafanya kama yeye. Na njiani wakati wa kurudi ikateremka Suratul Fat-h, ikaliita tukio lile ushindi ulio wazi. Mwaka uliofuata walifanya Umra yao, na mwaka wa 8 Makka ikafunguliwa.

Enyi vijana wetu, zingatieni. Watu bora wa umma huu waliambiwa "si mwaka huu", na kuambiwa hivyo hakukuwa dalili ya kuchukiwa na Mola wao. Nasi wazee tuzingatie la Ummu Salama. Mtu aliyezama katika huzuni hasaidiwi kwa hotuba ndefu. Husaidiwa anapomuona mkubwa wake anasimama na kutenda. Baba anayemwambia mwanawe mara kumi kwa siku "fanya subira" angemfaa zaidi lau angemshika mkono, wakaenda pamoja kuulizia kozi nyengine.

Jambo la tatu: kutawakali ni pamoja na kufunga ngamia

Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali. Katika jambo letu hili kamba za kufungia ngamia ni hizi:

1. Jaza fomu mwenyewe, au kaa karibu na anayekujazia. Tunaye mwanafunzi aliyejaziwa katika kibanda cha mtandao kwa namba ya simu ya mtu mwengine. Ujumbe wa kuthibitisha nafasi ulipokuja ulikwenda katika simu isiyokuwa yake, na yeye alipojua muda ulikuwa umepita. Alikaa mwaka mzima kwa sababu ya namba ya simu.

2. Andika tarehe ukutani: mwisho wa kuomba, mwisho wa kuthibitisha, mwisho wa mkopo. Usitegemee kuambiwa barazani.

3. Usiombe kozi moja tu kwa kuwa ndiyo inayopendeza masikioni mwa jamaa. Omba unayoitaka, na omba unayoiweza.

4. Swali Istikhara. Sahaba Jabir (R.A.) ametueleza kwamba Mtume (S.A.W.) akiwafundisha dua yake kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Aliyeomba achaguliwe kheri asikasirike anapochaguliwa. Na ajihadhari na wapiga ramli, kwani tunasikia wapo wanaokwenda kutazamiwa kama watapata chuo. Hiyo ni hasara ya pesa na ya dini.

5. Usiache siku zipite mikono mitupu. Rejea hifdhi yako, kwani Qur'ani huponyoka upesi kuliko ngamia aliyefunguliwa. Njoo madrasa usomeshe wadogo. Jifunze ushoni, kompyuta, udereva, au ukae dukani kwa ami yako ujue hesabu za biashara. Maduka ya Mlandege yamesomesha watoto wengi wa mtaa huu, na hakuna aliyedharaulika kwa kuuza kanga akisubiri barua.

Jambo la nne: mabinti zetu

Hapa tunaomba tuvumiliwe tukisema kwa uwazi. Kijana wa kiume akisubiri chuo huitwa "anasubiri chuo". Binti akisubiri huambiwa "yupo tu nyumbani". Kazi zote za ndani humuangukia, hapati hata saa moja ya kwenda kutazama majibu yake, na ikija posa huambiwa, "Basi hii ndiyo kheri yako, chuo kimeshakataa."

Ndoa ni Sunna na hatuipingi. Tunachokataa ni kuifanya ndoa kuwa adhabu ya kuchelewa kwa barua. Mtume (S.A.W.) ameamrisha binti atakwe idhini yake, na idhini ya mtu aliyevunjika moyo kwa wiki mbili inahitaji kungojwa ili moyo utulie. Wazee wangoje awamu zimalizike, wazungumze naye, na wamuulize huyo mposaji kama yuko tayari mke wake asome. Wapo waume wema wanaokubali, na jambo hilo liwekwe wazi kabla ya kufunga ndoa, lisiachwe likaja kuwa ugomvi.

Jambo la tano: na ikiwa hakupata kabisa?

Huweza kutokea hivyo pia, na lazima tuseme. Ipo njia ya stashahada, na anayeimaliza kwa wastani wa kuanzia 3.0 huweza kuomba shahada katika fani yake. Sisi tunaoandika haya tulipita njia ya stashahada. Mwaka tuliokosa tulilia, na tuliona haya kupita mbele ya baraza za watu. Leo tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwani njia ile ndiyo iliyotuleta mbele yenu. Hatusemi hivyo ili kumwambia kila mtu aridhike na kidogo. Tunasema kwa sababu wakati ule hakuna mtu mzima aliyetwambia kwamba njia ipo. Tulidhani mlango mmoja ukifungwa nyumba nzima imefungwa.

Na kijana ajihadhari na neno "lau". Lau ningesoma kule, lau ningechagua ile. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba neno hilo hufungua kazi ya shetani. Mahali pake useme kwamba Mwenyezi Mungu amekadiria na alilolitaka limekuwa, kisha uulize: kesho naanza na lipi?

Tunapendekeza nini?

Kwa upande wetu, tunapendekeza kwa wazee na walimu wenzetu kwamba katika hafla zetu tusisome tena majina ya waliopata vyuo peke yake. Yasomwe majina ya wote waliomaliza kidato cha sita, na kila mmoja atajwe kwa alilolifanya katika madrasa hii: aliyehifadhi, aliyesomesha, aliyefagia, aliyetandika mikeka. Aliyepata chuo atapongezwa na wazazi wake na walimu wake wa skuli, na sisi tutamuombea dua. Hatakosa heshima yake. Lakini na mwenzake hatakimbia kwa mlango wa nyuma.

Na kwa majirani tunaomba jambo dogo tu. Mkikutana na kijana msimu huu, muulizeni hali yake, muulizeni bibi yake anaendeleaje, mwiteni anywe kahawa. Akiwa na habari ya chuo atawaambia mwenyewe, tena mbio. Asiposema, muombeeni bila ya yeye kujua, kwani dua ya mtu kwa nduguye asiyekuwapo ina cheo kikubwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape subira wanaongoja, awape shukrani waliopata, na atupe sisi wakubwa ndimi laini. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.