Kabla ya kununua king'ora, jiulize nani atakuja kikilia

Wafanyabiashara wadogo na wakulima wengi siku hizi wanafunga ving'ora vya kuzuia wezi majumbani, madukani na kwenye maghala yao. Ni hatua nzuri. Tatizo ni kwamba wengi huanza kwa kuuliza bei, kabla ya kujiuliza swali lililo kubwa zaidi: kikilia saa nane usiku, nani atatoka ndani kwake kuja kuangalia?

Ni vyema ikafahamika kwamba king'ora hakimkamati mwizi wala hakizuii mlango kuvunjwa. Kazi yake ni kupeleka habari. Kama hakuna wa kuipokea habari hiyo, mwenye mali atapoteza fedha za kifaa pamoja na mali aliyotaka kuilinda.

Suala hili si dogo kwa mkulima. Yule wa Mbozi au Songea anayehifadhi mahindi baada ya mavuno akisubiri bei ipande, ameweka mtaji wake wote ndani ya chumba kimoja. Wakala wa fedha za simu naye hulala na fedha taslimu ambazo si faida, bali ni mtaji wa kazi ya kesho. Usiku mmoja wa wizi unaweza kuwarudisha nyuma kwa miaka, na mkopo hausubiri.

Kwa mtazamo wangu, fedha ya kwanza ya ulinzi iende kwenye jengo lenyewe. Mlango wa mbao laini wenye kufuli la bei rahisi hauna haja ya king'ora, una haja ya fundi. Weka mlango imara, nondo madirishani, taa ya nje, na angalia paa. Wezi wengi huingia kwa kung'oa bati au kutoboa ukuta wa tofali za udongo. Kila dakika anayohangaika mwizi ni dakika ya jirani kuvaa viatu.

Baada ya hapo ndipo uchague mfumo. Kwa kawaida una sehemu nne: kisanduku kinachoendesha mambo yote, vifaa vya kutambua mwizi, king'ora chenyewe, na kifaa cha kupiga simu au kutuma ujumbe.

Vifaa vya kutambua mwizi viko vya aina mbili kuu. Ya kwanza ni swichi ya sumaku, inayofungwa mlangoni au dirishani. Vipande vyake viwili vikiachana, kisanduku kinapata taarifa. Ni rahisi na haikosei mara kwa mara, lakini haitamwona aliyeingia kwa juu ya paa. Ya pili ni kifaa kinachohisi joto la mwili linalotembea, tukiite jicho. Hiki humwona mtu aliyekwisha kuingia, awe amepita mlangoni au darini.

Jicho lina masharti yake. Lifungwe kwenye kona, kimo cha mita 2 hadi 2.5, mahali ambapo mwizi atakatiza mbele yake, kwa kuwa humtambua vizuri zaidi mtu anayekatiza kuliko anayelifuata moja kwa moja. Lisitazame dirisha lenye jua. Haliwezi kuhisi joto la mtu aliye nyuma ya kioo. Aidha, chini ya bati lililopata jua kali, joto la chumba likikaribia joto la mwili wa binadamu, jicho hupungukiwa nguvu. Anayetegemea jicho pekee kulinda ghala la bati mchana wa jua anajidanganya.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni makelele ya bure. Popo, panya wakubwa, paka, na mjusi anayetambaa juu ya jicho vinaweza kulifanya liite wakati hakuna mwizi. Ghala la nafaka lina wageni hawa wote. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. King'ora kikilia mara tatu kwa wiki bila jambo, mara ya nne hakuna atakayeamka.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Sote tunajua habari za watu waliouawa na wanaoitwa wananchi wenye hasira kali. King'ora kilichofungwa ovyo kikilia usiku kwa sababu ya popo, mpita njia asiye na hatia anaweza kupigwa hadi kufa. Kwa hiyo mwenye king'ora ana wajibu kwa jamii: atumie jicho lililotengenezwa kuvumilia wanyama wadogo, azibe matundu ya popo, na pale inapowezekana mfumo usubiri ishara mbili, ya mlango na ya jicho, kabla ya kupiga kelele.

Tuje kwenye umeme. Mfumo usio na betri ni wa mchana tu, maana mwizi anaweza kukata waya au kusubiri umeme ukatike. Mifumo mingi midogo hutumia betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7. Vifaa vikitumia ampea 0.2, betri hiyo mpya itafika kama saa 35 kwa hesabu ya karatasi, na pungufu ya hapo king'ora kikianza kulia. Joto huichakaza mapema, hivyo usisubiri ife ndipo ununue nyingine. Shambani kusiko na umeme, paneli ndogo ya jua na betri vinatosha kuendesha mfumo mdogo.

Laini ya simu iliyomo ndani ya kisanduku nayo isajiliwe kwa jina lako na iwe na salio. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na kampuni, nawe usijue hadi siku ya tukio. Badilisha namba ya siri iliyotoka kiwandani, ambayo kila fundi anaijua. Kisanduku kisiwe mlangoni ambako mwizi atakiona kwanza. King'ora cha nje kiwe juu, mtu asikifikie bila ngazi, na waya zipite ndani ya bomba ili panya wasizitafune.

Hata hivyo, yote hayo hurudi kwenye swali la mwanzo. Nchi yetu haikuanza kujilinda kwa vifaa vya madukani. Sungusungu walioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitegemea yowe, na yowe lilikuwa na nguvu kwa sababu kila aliyelisikia alijua wajibu wake. King'ora ni yowe la umeme. Kinahitaji makubaliano yaleyale.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga, kaa na majirani wako na mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kubalianeni nani anapigiwa simu kwanza, nani wa pili, nani anapiga 112 kuita polisi, na kwamba mshukiwa hapigwi bali anashikwa na kukabidhiwa. Asitoke mtu peke yake. Mlinzi wa usiku apewe kitufe cha kuita msaada, maana huyo ndiye wa kwanza kuumia. Kisha kila mwezi, kwa siku na saa inayojulikana, kijaribuni.

Napendekeza pia wenye maduka ya mstari mmoja na vyama vya ushirika vyenye ghala wachangie mfumo mmoja mzuri badala ya kila mtu kununua kifaa dhaifu cha peke yake. Betri nzuri ikinunuliwa na watu sita haiumizi mfuko wa mtu. Na la muhimu zaidi, king'ora cha watu sita kina watu sita wa kukiitikia.

Asiyekuwa na uwezo leo asikate tamaa. Kufuli zuri, taa, filimbi na jirani mnayesikilizana ni ulinzi wa kweli. Ukipata fedha, ongeza king'ora juu ya hivyo. Ukikinunua kabla ya hivyo, utakuwa umenunua kelele.